Taa Iliyotazama kwa Mzee Margwe

Kwaru, kwaru, kwaru. Ng'ombe Kijivu alikuwa anajikuna shingo kwenye nguzo ya banda. Banda lake limeegemea ukuta wa jiko langu, kwa hiyo akijikuna, vifuniko vya sufuria nilivyovitundika ukutani hugongana kidogo kidogo. Ilikuwa haijatimia saa kumi na moja alfajiri. Nililala nikisikiliza, nikijiuliza kama anajikuna tu au kuna jambo, maana alikuwa amebakiza wiki chache azae.

Nikatoka na ndoo ya maji mkono wa kulia, simu yenye tochi mkono wa kushoto. Kati ya mlango wa jiko na banda kuna mawe matatu ambayo marehemu mume wangu Sylvester aliyapanga ili tusikanyage tope. Mawe hayo nayajua kama meno yangu. Lakini ulikuwa mwezi wa tano, yalikuwa na umande, nikakanyaga la pili vibaya na kujikuta nimekaa chini, maji yote mapajani, simu imelala kwenye tope ikiwamulikia siafu njia. Sikuumia. Nilikaa pale kidogo, nikacheka peke yangu. Kijivu aliacha kujikuna akanitazama.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia Festo. Festo ni mwanangu, anauza vipuri vya pikipiki Haydom. Nilimpigia nikamsimulia kama kichekesho, yeye hakucheka. Jumapili akaja na boksi kubwa lililochorwa nyumba ya ghorofa imemulikwa mpaka majani ya bustani yanaonekana moja moja. Ndani kulikuwa na taa ya LED ya nje, nzito, na sola yake na waya mrefu.

"Wati mia mbili, mama," alisema, akapiga boksi kofi. "Tuiweke wapi?"

Nikafurahi kuulizwa. Nilitembea uani nikitazama juu kama mtu anayetafuta mzinga wa nyuki. Taa niliifikiria kama mbwa: unamfunga akitazama njia anayotokea adui. Na fisi wetu hutokea bondeni.

"Juu ya ule mlingoti wa mkaratusi langoni," nikasema. "Itazame bondeni. Fisi waione tangu huko wanakotoka."

Festo akapanda akaifunga. Saa moja kasoro robo jioni ikawaka yenyewe, hakuna aliyeigusa.

"Imejuaje?" nikauliza.

"Sola ikiacha kuona jua, inajua ni usiku."

"Na siku ya mawingu mazito je?"

"Mama."

"Nauliza tu."

Jumatatu Festo akarudi kazini, mimi nikabaki na taa yangu. Kila jioni niliisubiri iwake. Nilisoma chini yake maandishi madogo ya chupa ya dawa ya minyoo, nilihesabu wadudu mpaka nikachoka, nikamwona chura mmoja ambaye alijifunza upesi kuja kukaa hapo mdomo wazi. Na kwa kuwa sasa nje ya lango kulikuwa na mwanga, nikawa namfunga Kijivu hapo jioni ale majani taratibu hadi saa mbili, huku nikimletea maji na kuongea naye. Jambo moja tu lilinishangaza. Yale mawe matatu yalikuwa nyuma ya taa, na taa ilikuwa inatazama mbele, basi yalibaki gizani kama zamani. Nikaona aibu kumwambia Festo. Nikajiambia macho yatazoea.

Wiki mbili zikapita. Jumatano asubuhi akaja Nicodemo, mtoto mkubwa wa Mzee Margwe wa ng'ambo ya bonde. Nicodemo ni mtu mzima mwenye wajukuu wawili, lakini kwangu hukaa kwenye kigoda cha chini kabisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wazee hawajambo?"

"Hawajambo. Baba anakusalimu."

Nikampa uji. Aliunywa wote, akafuta kikombe kwa kidole, akakiweka chini polepole. Hapo nikajua ana neno zito.

"Baba anasema Jumamosi jioni nije nimchukue ng'ombe. Anataka akazalie nyumbani."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Kwa mimba hii, umshushe korongoni na kumpandisha?"

"Nilimwambia hivyo."

"Akasemaje?"

"Akasema Jumamosi."

"Nimekosa nini, Nicodemo?"

"Hajasema kosa, mama. Unamjua baba. Huwa hasemi."

Inabidi nieleze. Kijivu si ng'ombe wangu. Huku kwetu mwenye mifugo hawaweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Mmoja atampeleka kwa rafiki, mmoja kwa shemeji, mmoja kwa mjane mwenye majani mengi. Anayetunza anapata maziwa na mbolea, na mwenye ng'ombe hukumbukwa. Ugonjwa ukiingia zizi moja, haumalizi wote. Na ng'ombe hao hawatangazwi. Huletwa jioni watu wakiwa wameshaingia ndani, na hakuna jirani mwenye adabu atakayeuliza huyu ni wa nani. Hata watoto wa mtu wakati mwingine hawajui baba yao ana wangapi, na yeye hataki wajue.

Kijivu aliletwa kwangu mwezi wa pili baada ya kumzika Sylvester. Mzee Margwe alimleta mwenyewe, kamba mkononi, mvua ikinyesha. Alisema maneno machache tu: "Huyu anaamka mapema sana, anatusumbua. Labda kwako atapata mtu wa kuamka naye." Nilikuwa silali wakati ule, na sikuwa na sababu ya kutoka kitandani. Yeye alijua. Miaka mitano sasa, sijawahi kuamka nikakosa sababu.

Kwa hiyo Nicodemo alipoondoka, nilikwenda bandani nikaweka mkono kwenye ubavu wa Kijivu. Ndama aligeuka ndani. Nikawaza: nimemnyima majani? Nimeongea vibaya mahali? Nikapekua maneno yangu yote ya mwezi mzima kama mtu anayechagua maharage, nisione jiwe.

Alhamisi mchana nikaona kukaa na swali hakunisaidii. Nikamfunga Kijivu mahali pake pa jioni nje ya lango, nikamwekea majani ya kutosha, nikafunga vitunguu saumu kwenye kitambaa, nikashuka korongoni. Nilikuwa sijafika kwa Mzee Margwe tangu mavuno ya mwaka jana. Tunaonana kanisani na mnadani, lakini nyumbani, hapana. Miguu huanza kutoa sababu.

Nilimkuta mkewe Natalia uani akipepeta mtama. Aliacha ungo, akanikumbatia mpaka kilemba changu kikapinda. Mzee Margwe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umefika." Hakuongeza.

Nilitazama huku na huku. Mlangoni kwao palikuwa pametundikwa kanga nzito, imekunjwa mara mbili.

"Mlango umevaa kanga," nikamwambia Natalia. "Kuna mgonjwa?"

"Aa, mbu tu."

"Mbu, kwa baridi hii?"

Natalia akacheka, akatazama pembeni, akasema twende tukaonje makande. Tukala. Tukaongea habari za alizeti na za mtoto wa Onesphory aliyehamia Babati. Neno la ng'ombe hakulitaja mtu, na mimi sikulitaja, maana mke wa Nicodemo na wajukuu walikuwa wanapita pita, na si neno la kuongea mbele za watu.

Jua likazama. Nikaona sasa niage. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nimegeukia kwangu, ilipofika saa moja kasoro robo.

Ng'ambo ya bonde kitu kikafumbuka kama jicho. Niliinua mkono kuziba uso. Nilipogeuka, ukuta wa udongo wa Mzee Margwe ulikuwa mweupe, na kivuli changu kimesimama juu yake, hafifu lakini kipo, na kilemba kilichopinda.

Nikageuka tena, nikachungulia kati ya vidole. Nikaona nyumbani kwangu kama ambavyo sijawahi kupaona. Lango, mlingoti, njia. Na katikati ya mwanga, kama ng'ombe wa maonyesho, Kijivu: pembe zake, baka la mgongo, tumbo lile. Watu wawili waliokuwa wakitoka mashineni na viroba vya unga walisimama njiani wakamtazama. Mmoja alinyoosha mkono, anamwonyesha mwenzake kitu. Kisha wote wawili wakageuka wakatazama upande huu, upande wa kwa Mzee Margwe.

Hapo ndipo nilipokiona kigoda. Miaka yote nimemjua mzee huyu akikaa jioni akitazama bonde. Sasa kigoda kilikuwa kimegeuzwa, na yeye amekaa akitazama ukuta wake mwenyewe. Wiki mbili nzima. Natalia ametundika kanga, mzee amegeuza kigoda, na hakuna aliyeniletea lawama.

Nilikaa chini karibu naye, juu ya gogo.

"Baba, taa yangu haina adabu," nikasema.

Alichokonoa ardhi kwa fimbo. "Ni taa nzuri. Mtoto amemkumbuka mama yake."

"Inatazama watu usoni."

"Mtoto akimpa mama yake zawadi, jirani hana la kusema."

"Basi nasema mimi. Nilitaka iwaonyeshe fisi njia ya kurudi kwao. Kumbe imeonyesha watu kisichowahusu. Nipe kesho tu. Nitaita fundi. Kesho jioni kama hii, ukae hapa uniambie. Lakini usikae umegeuka."

Nikasikia Natalia ameacha kuosha vyombo ili asikie.

"Jumamosi iko pale pale," mzee akasema. "Lakini kesho nitakaa."

Nicodemo alinisindikiza mpaka langoni kwangu, akanishika kiwiko kwenye mawe ya korongo bila kusema ananishika. Nikamwingiza Kijivu bandani, nikatupia gunia juu ya sola na kuchomoa waya, maana sikujua kipi ndicho kinachozima. Kisha nikampigia Festo.

"Mama, kwa nini hukuniambia kuwa mawe hayaonekani?"

"Ulikuja umefurahi sana, mwanangu. Na mahali nilichagua mimi."

Akacheka kidogo. "Nitakutumia Evaline. Yeye ndiye fundi hasa. Mimi ni mtu wa vipuri."

Evaline alifika Ijumaa saa tisa kwa pikipiki yake, begi la vifaa mgongoni, viatu vya ngozi vyenye matope hadi kwenye kifundo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo bibi." Kisha akatazama juu ya mlingoti, akashika kiuno.

"Festo amekununulia taa ya uwanja wa mpira. Timu ziko wapi?"

"Timu ni mimi na ng'ombe."

"Na hiyo mia mbili ya kwenye boksi, bibi, ni ya boksi. Haifiki huko. Lakini hata hiyo kidogo iliyomo inatosha kuamsha kijiji."

Nilidhani atapanda ngazi mara moja. Hakupanda. Aliniomba majivu ya jikoni kwenye sahani, akaniambia, "Sasa fanya kama ni alfajiri. Amka, chukua ndoo, nenda unakokwenda. Usiniangalie mimi."

Nikatoka jikoni na ndoo tupu, nikijisikia mjinga. Yeye akanifuata nyuma, na kila nilipokanyaga akadondosha majivu kidogo. Mlango wa jiko, jiwe la kwanza, la pili, la tatu, kona ya banda, mlango wa banda, hori la maji. Tena nyuma hadi choo. Tulipomaliza, uani kulikuwa na mstari wa alama nyeupe. Miaka arobaini natembea hapo, sikujua kwamba safari zangu zote za gizani zinatosha kwenye kipande kidogo namna ile.

"Taa inafuata hapa," Evaline alisema. "Haifuati fisi."

"Na fisi nani atamfuata?"

"Taa inayowaka tu usiku kucha, fisi ataizoea kama anavyouzoea mwezi. Hii ninayokufungia ina sensa. Inakaa imezima, mtu au mnyama akisogea ndiyo inashtuka. Na fisi naye anashtuka."

"Paka akipita je?"

"Itawaka."

"Na mimi nikiwa nimesimama tu, sitembei?"

"Itakungoja dakika moja, ikiona umetulia, itazima. Punga mkono itawaka."

"Itadhani naisalimia."

Alikuwa na taa mbili ndogo, kila moja kama sahani ya chai, za mwanga wa njano kidogo. Alisema ule mweupe unaita wadudu zaidi, na wadudu wanaita popo na vyura. Nikamkumbuka chura wangu. Tukaazima ngazi kwa katekista, na yeye akaja nayo mwenyewe begani, akabaki kutazama. Ile taa kubwa tulipoishusha akaiangalia sana, nikamwambia aichukue kwa uwanja wa kanisa, siku za mkesha. Festo tulimpigia kwanza. Alisema sawa, alimradi isitazame nyumba ya mtu.

Taa ya kwanza Evaline aliifunga chini ya ukingo wa bati, kona ya jiko, juu kidogo ya mkono wake ulionyooshwa akiwa kwenye ngazi, akaiinamisha itazame mawe. Ya pili ikawa kwenye nguzo ya banda, nyuma ya mahali ninaposimama. Giza lilipoingia tukajaribu. Nikaenda nyuma ya Kijivu kama ninayemzalisha, nikaona kivuli changu mwenyewe kimemfunika wote.

"Hapa nitazalisha mgongo wangu," nikamwambia.

Evaline akaishusha bila kulalamika, akaihamishia ubavuni, juu ya hori. Sasa mikono yangu ikaonekana, na mkia, na kila kitu. Lakini tulipomtoa Kijivu tumrudishe, akagoma mlangoni. Alisimama, akashusha kichwa, akapumua kwa nguvu. Kivuli cha nguzo ya mlango kilikuwa kimelala chini, cheusi, kimekatiza njia.

"Anadhani ni mtaro," Evaline alisema. Akapanda tena, akasogeza taa kama shibiri mbili, kivuli kikaegemea ukutani. Kijivu akanusa pale palipokuwa na mtaro, akaingia.

Baada ya hapo nikampigia Natalia.

"Mzee amekaa?" nikauliza.

"Amekaa tangu saa kumi na mbili. Amegeuza kigoda."

"Upande gani?"

"Wa bonde."

Nikashusha pumzi. Evaline akiwa juu ya ngazi, nikatembea kwenye majivu ili taa ziwake. "Unaona nini?"

Nikasikia sauti ya Mzee Margwe nyuma ya Natalia, kisha Natalia: "Anasema kuna kitu kama jino, upande wa jiko."

"Jino!" nikamwambia Evaline. Akainamisha kidogo.

"Na sasa?"

"Anasema jino bado lipo, limekuwa dogo."

"Mwambie mzee aseme kulia au kushoto," Evaline akapaza sauti.

"Anauliza, huyo fundi ni mwanamke?"

"Ni mwanamke."

"Anasema basi atasikia. Ashushe zaidi."

Katekista alicheka mpaka akashika ngazi. Evaline akakata kipande cha debe kuukuu kwa mkasi wake, akakikunja, akakifunga juu ya taa kama ukingo wa kofia. Nikatembea tena kwenye majivu, jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Niliona hata nyufa zake.

"Na sasa, Natalia?"

Nikangoja. Nikadhani simu imekatika.

"Natalia?"

"Anatazama," akasema kwa sauti ndogo. Halafu: "Anasema haoni kitu. Nyumba yako, lango, ng'ombe, haoni. Anasema kuna wekundu kidogo tu kwenye bati, kama moto wa jikoni."

"Huo unamsumbua?"

Nikasikia wakisemezana kwa Kiiraqw, mzee akikohoa. Simu ikabadilishwa mikono, nikasikia pumzi zake karibu.

"Imakulata."

"Naam, baba."

"Lile jambo la Jumamosi limekwisha. Azae huko huko. Akianza, piga simu, Nicodemo atakuja kukusaidia. Atapita kwa korongo, hana haja ya njia kubwa."

"Asante, baba."

"Unashukuru nini? Anaamka mapema mno, huyo. Huku nani atamweza?"

Nilimwashiria Evaline kwa kichwa, naye akaanza kukusanya vifaa vyake polepole, bila kuviangusha, ili nisikie vizuri. Simu ikarudi kwa Natalia. Alingoja kwanza, nadhani mpaka mzee aingie ndani.

"Nimeitoa kanga," akasema. "Lakini nikuambie kitu, usinicheke. Wiki mbili hizi jioni nilikuwa natoka nachungulia. Nakuona unakuja na ndoo, unaongea na ng'ombe, mkono unaruka ruka. Nasema, haya, leo yuko mzima. Ndiyo naingia kulala. Sasa ni giza tu, sikuoni."

Nikageuka nikatazama gizani upande wa kwao.

"Imakulata, uje tena," akasema. "Usingoje uwe na jambo. Njoo tu, tupepete mtama."